Mlango wa Upande Wake

Aliyeandika makatazo ya treni ya Addis Ababa hakuwazia abiria mwenye mlango wa gari. Mzee alikuwa ameupakata kama mjukuu, na Wubit, aliyeketi nyuma yake, akatega sikio.

“Wa Volkswagen kuukuu, mzee?” aliuliza kijana wa kiti cha pili. “Ndiyo, mwanangu. Wa gari langu umeliwa na kutu.” “Na injini?” “Sina.” “Mzee wangu! Vihela ulivyonunulia mlango si ungevidunduliza ununue injini? Gari bila injini si banda la kuku hilo?” Wubit aliona kuku wangeshukuru.

“Mke wangu haoni,” mzee alisema taratibu. “Jioni namketisha garini, namimina kahawa, nanguruma kwa mdomo. Kikombe cha tatu tunafika ziwani Bishoftu. Ila upande wake hauna mlango. Anasikia harufu ya vitunguu vya jirani, ananiuliza, ‘Bekalu, mbona bado tuko nyumbani?’”

Kijana alikuna kichwa. “Lakini injini, mzee... Kwani yeye hajui kwamba haliendi?”

Treni ilisimama. Mzee alijitwika mlango wake. “Anajua sana,” alisema akishuka. “Na bado hunigombeza nikikata kona kwa kasi.”