Kiti cha Nyuma cha Gari Lililokuwa Mawili

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, na kigogo anachokalia mwenye birika la kahawa. Wa kudumu tuko wanne. Yupo Sindano, mshonaji, mtu wa methali. Yupo Daktari, ambaye wagonjwa wake wote ni redio. Yupo Tani Moja, mpakuaji wa magunia, ambaye akiinuka bila kutuaga benchi linatumwaga. Na mimi, seremala, wananiita Taratibu kwa sababu ya usemaji wangu. Siku hiyo mbele ya benchi lilisimama gari nililolinunua juzi, pikapu kuukuu ya kijani. Lilizaliwa na milango miwili. Kisha fundi mmoja nisiyemjua akalikata, akaliunga na kichwa cha pikapu nyingine, likawa na milango minne na viti vya safu mbili. Nililitaka kwa jambo moja tu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alifariki miezi saba iliyopita, na mama yake akawachukua watoto wetu watatu. Kwangu ni mbali na shule, na mkwe wangu hataki kuwaona wamepandishwa juu ya mbao zangu nyuma ya gari la mizigo. Alikuwa ameniambia: "Pata gari wanalokaa ndani, nitakurudishia. Nakupa wiki moja: alasiri ya siku ya saba ukiwa hujapata, kesho yake nasafiri nao kwenda kwa mjomba wao."

Siku ya saba ilikuwa ndiyo hiyo, adhuhuri ilikuwa imeshapita, na gari lilikuwa linazimika.

Kijiwe chetu kina desturi yake: hakuna anayetoa hukumu ya kitu asichokionja. Kwa hiyo kila tulipolijaribu, wote watatu waliingia kiti cha nyuma, maana hakuna aliyekubali kubaki nje mwenzake akavumbua kwanza. Mimi niliendesha. Hatukufika kona. Gari lilikohoa, likanyamaza. Tani Moja alishuka akalisukuma peke yake hadi kijiweni, kama anayerudisha mbuzi zizini. Wote wakashuka, wakaagiza kahawa, wakabishana. Nikiwasha, linawaka.

Ilikuwa mara ya tatu.

— Plagi, alisema Daktari. Zimechoka.

— Umeshazisafisha mara mbili, Daktari, nilimkumbusha.

— Basi zimechoka kusafishwa.

Sindano hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama kando ya gari, anapitisha kidole juu ya paa, pale ambapo kichwa kimoja kiliishia na kingine kikaanza. Alikwenda hadi mwisho, akarudi. Akafumba macho, akajaribu tena.

— Jamani, alisema kwa sauti ya chini. Mimi nashona miaka thelathini. Mshono nauona hata gizani. Huu siuoni.

Tukainuka wote kwenda kuushika. Kweli haukuwepo. Bati lilikuwa laini kama shavu la mtoto. Nilimtaja Mola wangu. Huyo fundi alichukua vitu viwili vilivyovunjika, akatoa kimoja kizima, na hakuandika jina lake popote.

— Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, alisema Sindano. Fahali wawili hawakai zizi moja. Humu mna magari mawili. La mbele linataka kwenda, la nyuma linataka kubaki.

— Injini ni moja, Sindano, alisema Daktari.

— Hata mume na mke nyumba ni moja.

Tani Moja alikunywa kikombe kizima kwa pigo moja.

— Mimi nasema gari linahesabu watu, alisema. Lina kumbukumbu. Hicho kichwa cha nyuma kilitoka kwenye gari la watu wawili, baba na mwanawe, tuseme. Sasa likihisi watatu linajua hao si wenyewe, linazima.

— Umewajulia wapi hao baba na mwanawe? aliuliza Daktari.

— Nimesema tuseme!

— Basi tuvue rejeta, alisema Sindano. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Hiyo inahusianaje na rejeta? nilimuuliza.

— Rejeta si ina maji?

Daktari aliweka kikombe chini. Alisema ameelewa sasa. Chuma chote kina mawimbi, na chuma cha magari mawili kina mawimbi mawili. Tukikaa nyuma, miili yetu inakuwa eriali, inachukua stesheni mbili kwa pamoja, injini haijui isikilize ipi. Dawa ni kukaa na miguu imeinuliwa juu. Tani Moja alijaribu palepale kwenye benchi. Tuliokuwa upande wa pili tulijikuta wima.

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka. Kisha nikatazama kivuli cha ukuta, kilivyokwisha kuivuka barabara, na kicheko kikaniishia.

Ndipo nilipomwona mama mkwe wangu anakuja kwa miguu, mkoba kwapani. Nilisimama. Wote wakasimama.

— Shikamoo Mama.

— Marahaba, wanangu. Alilizunguka gari polepole. Alifungua mlango wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena. — Ndilo hili?

— Ndilo, Mama.

— Zuri. Kwa nini liko hapa na siyo kwangu?

Nikamweleza, kwa utaratibu wangu, na hakunikatiza. Tani Moja alimweleza habari ya kuhesabu watu. Daktari alianza mambo ya mawimbi, akakutana na macho yake, akaacha.

— Likiwa tupu linazimika?

— Hapana, Mama.

— Mkikaa nyinyi watatu linazimika.

— Ndiyo, Mama.

Alimtazama Tani Moja kuanzia juu mpaka chini, ikamchukua muda.

— Na watoto wangu watatu, kwa pamoja, wana uzito gani?

Mwenye birika aliacha kumimina. Tani Moja alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye anajua uzito wa gunia la mchele na la saruji tu. Kisha wote wakanigeukia mimi, na ilikuwa haki yao.

Nilifungua mdomo. Niliyembeba mara ya mwisho ni yule mdogo, siku ya maziko, na sikumbuki kama alikuwa mzito au mwepesi. Tangu siku hiyo nimewasalimia mlangoni, nimewaletea matunda na daftari, nikaondoka kabla hawajaniuliza lolote.

— Uzito, alisema Daktari, kama mtu aliyeamshwa. Jamani, uzito! Inueni kiti.

Hakuna aliyekuwa amekiinua. Tulikuwa tumekikalia tu. Tani Moja alikivuta kwa mkono mmoja, tukainama, vichwa vinne pamoja. Mpira wa mafuta ulipita juu ya sakafu, chini kabisa ya springi za kiti, na ulikuwa umebanwa bapa. Mtu mzito akikaa, springi zinaukanyaga, mafuta hayapiti. Akishuka, yanapita.

Kando yake palikuwa na kipande cha mbao. Nilikichukua. Mti mgumu, umechongwa mfereji wa kutosha mpira huo kulala ndani, umepigwa msasa mpaka ndani ya mfereji, mahali pasipoonwa na jicho lolote. Kilikuwa kimetoka mahali pake kwa mitikisiko ya miaka. Nilikaa nacho mkononi. Yule fundi alikuwa amewafikiria watakaokalia kiti chake, mmoja mmoja, kabla hajawajua.

— Subhana, alisema Sindano, na safari hii hakuongeza methali.

Nilikata mpira pale ulipochakaa, Daktari akauunga. Nikaurudisha ule mti mahali pake, nikaupigilia misumari miwili. Watatu wakaingia nyuma kwa desturi yao. Tukapita kona. Tukapita ya pili. Tani Moja aliimba.

Tuliporudi, mama mkwe hakuwa amekaa. Aliwashusha kwa ishara ya kidole, akaingia mbele, akaweka mkoba magotini.

— Hujanijibu, alisema.

— Sijui, Mama. Sijui uzito wao.

Alifunga mlango.

— Basi endesha ukawabebe.