Kailemia Anashuka Mlingotini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, fundi wetu wa redio, Mzee Kailemia, anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi tulidhani ni mzaha. Habari hii imetushtua hata sisi tuliojua umri wake, maana hapa kituo cha uokoaji, bwawani Mbeere, tulishajiaminisha kwamba fundi hazeeki.

Alikulia Kangeta akifungasha miraa. Kuogelea hajui mpaka leo.

Mashua ya tanga ilipoletwa, sote tulitaka antena ndefu kama ile ya mnara wetu wa redio kule mlimani. Yeye akachagua fupi. Mashua hulala ubavu upepo unapovuma, alitueleza, na antena ile ndefu ingeishia kurusha sauti majini na mawinguni. Tulimcheka. Akaikataa pia kebo ya televisheni tuliyomletea kutoka soko la Gakoromone, akadai ile nene, kwa kuwa mlingoti ni mrefu na sauti huchoka njiani.

Lakini mkono wa nyumbani ulimponza. Kule juu ya mlingoti alikifunga kiungo cha kebo na antena kama kitita cha miraa, akizungusha tepu kutoka juu kushuka chini. Kitita hufungwa ili unyevu wa majani usitoke. Kiungo hufungwa ili usiingie. Mvua ya kwanza ikakijaza maji. Gatwiri, nahodha wetu, alikuwa katikati ya bwawa na wavuvi wawili aliowaokoa, upepo umechafuka, redio ikafa. Jioni nzima hatukujua kama yu hai. Tuliogopa sana. Kailemia alisimama ukingoni na redio yake ya mkononi, akiita bila kujibiwa, mpaka tukaliona tanga.

Kesho yake alipanda mlingoti, akafunga upya kutoka chini kwenda juu, tepu ikalaliana kama mabati ya paa. Kisha akatuacha vinywa wazi: aliingia mashuani kwenda kuijaribu redio.

“Hii redio ikinyamaza tena, inyamaze mimi nikiwa ndani,” alisema.

Tangu hapo, kila msimu wa mvua amekagua kiungo kile na kutoka na Gatwiri, macho ameyafumba, jaketi la kuokolea amelikumbatia. Redio haijanyamaza tena.

Asante, Mzee. Nenda Kangeta ukaishi kwa raha na afya, kwenye nchi kavu uipendayo. Ila tarehe 30 usipande mashuani. Simama pale pale ukingoni na redio yako. Gatwiri atakuita kutoka katikati ya bwawa, na safari hii utamsikia.