Mkono Uliotoka Kwenye Lifti

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio kidogo, msogee. Leo tunamkumbuka fundi viatu. Mtaa mzima ulimwita Soli, na wajukuu wake wakamwita Babu Soli. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono.

Soli hakutembea tangu utotoni. Homa ilimlaza, na ilipomwachia, miguu haikurudi. Lakini viatu vya mtaa mzima vilipita mapajani mwake. Mteja akichelewa kufuata viatu, Soli alimchapa kwa maneno: "Miguu unayo, kuja kwangu huji. Basi niazime mimi!" Watu wakacheka. Naye akacheka, misumari midogo ameibana midomoni.

Kitu kimoja hakikumchekesha. Ngazi.

Siku moja alikwenda kuomba kitambulisho kwenye jengo la ofisi za umma. Ofisi ilikuwa juu. Vijana wawili wakambeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni. Pale ngazi zinapogeukia wakamweka chini ili wapumue. Simu ya mmoja ikalia, akasogea pembeni. Mwenzake akaitwa kazini. Kila mmoja alidhani mwingine amebaki. Soli akabaki sakafuni, mgongo ukutani. Kiti chake cha magurudumu kiko chini mlangoni, ofisi iko juu. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Watu wakamruka. Mama mmoja mwenye haraka zake akamwambia, "Samahani mzee, unaziba njia."

"Neno hilo halikumtoka baba," anasema binti yake. "Akiona gari limeegeshwa vibaya, anasema, mwacheni huyo, ni mwenzangu."

Tangu siku hiyo Soli aliapa habebwi tena.

Sasa huyo binti ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya. Soli alimlea mwenyewe. Mtoto alijifunza kutembea kwa kushika gurudumu la kiti cha baba yake. Akakua, akapata mchumba, siku ya ndoa ikapangwa. Ndoa ya kwa msajili. Na msajili yuko wapi? Jengo lilelile. Juu kulekule.

"Shemeji, panda mgongoni kwangu," akasema mjomba wa bibi harusi. "Mara moja tu, tumemaliza."

"Mimi si gunia la mkaa, shemeji."

"Kwa hiyo mtoto aolewe bila wewe?"

Kuahirisha hakukuwezekana, bwana harusi alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kazini, mbali. Na binti alishasema: baba asipokuwepo, hasaini.

Jengo lile lilikuwa na lifti. Ilipoanza kusumbua, waliigeuza stoo. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika, ndoo na mafagio. Soli alimganda msimamizi wa jengo mpaka akakubali kuifungua. Viti vikatolewa. Wakapiga deki. Wakafuta kioo kikang'aa. Wakaweka hata ua la plastiki. Walifanya kila kitu, wasikilizaji, isipokuwa kumwita fundi wa lifti. Waliisafisha, hawakuitengeneza. Wakabonyeza kitufe, ikapanda tupu, ikashuka, wakapiga makofi.

Soli akaingia na suti yake. Mlango ukajifunga. Lifti ikapanda, ikatetemeka, ikasimama kabla ya kufika. Taa ikazimika.

Mle ndani mlinuka dawa ya deki. Kiti kiliijaza lifti yote, hata kugeuka hakuna. Akapapasa vitufe, akabonyeza kimoja kimoja. Kimya. Jasho likamshuka ndani ya kola. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ufa wa mwanga, pale mlango wa ghorofa ulipoachia kidogo. Akasikia viatu vinapita. Kimoja alikitambua. Kile kisigino alikipigilia yeye.

"Baba!"

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi, mwanangu? Naziba njia."

Fundi akapigiwa simu, akasema yuko upande wa pili wa mji. Msajili akatazama saa. "Tuendelee tu. Mzee atasikia."

Bibi harusi akakaa chini na gauni lake jeupe, kando ya ule ufa. Bwana harusi akatazama suruali yake mpya, akakaa pia. Msajili, mtu mnene, akapiga magoti huku akiyalaumu magoti yake.

"Mzazi yupo?" akauliza.

Soli akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Vidole vikatokeza kwenye ufa. "Mkono umefika," akasema. "Mimi mwenyewe nafuata."

Ukumbi ukacheka. Akaulizwa kama ameridhia. "Nimeridhia." Sauti ilitoka chini kama ya mtu aliye kisimani. Wakasaini palepale sakafuni. Kisha wageni wakateremka kupiga picha nje, kwenye jua.

Binti hakuteremka. "Nilishika vile vidole mpaka fundi akaja," anasema. "Vilikuwa baridi. Baba alitoka, akafuta uso, akatania kila mtu. Usiku ule aliniambia jambo moja tu: harusi yako nimeisikia, mama. Sijaiona."

Wiki iliyofuata, viti vilivyovunjika vilirudi ndani ya lifti.

Juzi familia ilitafuta picha ya kuweka kwenye msiba. Binti akachagua moja. Ni yeye sakafuni, msajili kapiga magoti, na mkono unaotoka kwenye ufa, kidole gumba cheusi kwa rangi ya viatu. Waombolezaji wakauliza, marehemu yuko wapi hapa? Akawaonyesha mkono.

Tunampa pole binti, mkwe, wajukuu, na shemeji aliyekuwa tayari kutoa mgongo wake. Mungu awape subira.

Na wewe unayefungua ofisi kesho asubuhi, kabla hujapanda, simama chini kidogo. Tazama nani anabaki hapo.

Cheti cha kifo nacho hutolewa juu kulekule. Binti atapanda kukifuata, na picha ile anaichukua. Anasema ataitundika kwenye mlango wa lifti. Viti vibovu vikae ndani. Mkono wa baba ukae nje.