Kinachobaki Programu Ikizimika

Jioni ile mke wangu Winfrida alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe, akavua gambuti, akazipachika juu chini kwenye vijiti vya uzio zikauke. Asubuhi hakuamka. Tulimzika mgombani, hapa hapa nyumbani Old Moshi. Ukoo ulisubiri kugawa nguo zake, lakini sikufungua kabati, na gambuti zilibaki uzioni. Mwezi uliopita nilishuka Kiboriloni kunywa kahawa kwenye benchi la Fredy, fundi simu anayesoma chuo jioni. Alikuwa amekatwa alama chuoni: programu aliyoiandika ilimaliza kazi bila kurudisha nafasi ya kumbukumbu iliyoiazima kwenye kompyuta.

— Walikukata kwa haki, alisema Filemon, karani mstaafu wa mahakama tunayemwita Jaji. Hata gesti hutoki bila kukabidhi ufunguo. Akiba haiozi.

— Akiba inaingiaje hapo? aliuliza Primus wa bodaboda.

— Inaingia. Wewe kunywa.

— Mimi nasema ndiyo maana simu zinapata moto mfukoni, alisema Primus. Ni programu zilizokufa bila kuaga. Bado zimo, zinadai.

— Zinadai nini?

— Heshima. Babu yangu aliondoka bila kuaga, ng'ombe wakagoma kutoa maziwa.

— Babu yako ndiye aliyekuwa anawalisha.

— Mwalimu, tuamulie, alisema Fredy.

Somo hilo la kompyuta nalifundisha, nikajibu kama niko darasani.

— Programu ikizimika, mfumo wa kompyuta unachukua wenyewe kila ilichoshika. Hata ikikatika ghafla, katikati ya kazi.

— Hata bila kuaga? aliuliza Primus.

— Hata bila kuaga. Hakuna inachodaiwa.

Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo. Winfrida naye hakuaga. Nikaweka kikombe chini.

— Basi warudishe alama zangu, alisema Fredy.

Mektrida, mdogo wake Winfrida, alikuwa amesimama nyuma yetu na kapu la sokoni.

— Shemeji, na ile ambayo haijazimika?

— Hiyo ndiyo lazima iachie kile isichokitumia tena. Isipoachia hujaa mpaka ikwame.

— Sasa mbona haiachii?

Jaji alitazama kikombe chake. Primus alitazama pikipiki. Mimi nililipa kahawa, nikashika njia ya nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilitoa gambuti uzioni, nikakung'uta utando wa buibui, nikampa Mektrida. Zilimtosha. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nikaingia ndani, nikafungua kabati.