Mwalimu Agripina, Aliyetafutwa Akiwa Ameketi Safu ya Tatu

Wazee wetu shikamooni, waombolezaji wote poleni, familia imemtuma Gervas, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, asome historia hii, naye anaomba radhi mapema kwa kuwa moyo wake bado haujatulia.

Mwalimu Agripina Philipo Mkumbo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 hapa Kinampanda, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1965 hadi 1971, akahitimu ualimu mwaka 1975, akafundisha darasa la kwanza miaka arobaini bila kuhama wilaya, akastaafu mwaka 2016. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Edward Kitundu, aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, Damari, Isaka na Severina.

Mwaka 2018 Calist, mwanafunzi wake aliyemfundisha kushika penseli, alifungua tovuti ya maneno ya Kinyiramba, ambamo mtu yeyote aliweza kuandika, marehemu akaingia kwa simu ya Severina bila kujisajili, na kila neno aliloandika likatoka na namba mahali pa jina. Wala hakushtuka, kwani alisimamia mitihani ya darasa la saba miaka mingi, akijua mtahiniwa huandika namba tu na majina hurudi siku ya matokeo, hivyo akazinakili namba zote kwenye daftari, pamoja na maneno yake elfu moja mia moja na arobaini, akasubiri.

Tarehe 2 Juni 2021 Calist alifika nyumbani kwake, akala ugali na mlenda akashiba, akaondoka na daftari lile, akiahidi kwamba maneno yakiwa kitabu jina la mwalimu wake litatangulia mengine yote.

Kitabu kilizinduliwa mjini Singida tarehe 9 Novemba 2024, marehemu akashona kitenge kipya, akaketi safu ya tatu, akafungua ukurasa wa shukrani, akakuta anashukuriwa mchangiaji asiyejulikana, aliyetafutwa kwa bidii bila kupatikana. Alirudi nyumbani akamweleza Damari kwamba ameambiwa hakupatikana, naye alikuwa amekaa palepale, na tangu siku hiyo hakuandika tena hata neno moja. Familia haisemi kitabu ndicho kilichomuua, presha alikuwa nayo tangu 2009, lakini inasema alisalitiwa, na Gervas analisema hilo kwa uchungu mbele ya wote.

Alipata kiharusi tarehe 3 Februari 2025, akafariki tarehe 21 Machi saa kumi alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, na walimu wenzake waliokesha nasi.

Shada lililotumwa na Calist pia tumelipokea, lina kadi, na kwenye kadi hiyo jina la marehemu limeandikwa lote, majina yote matatu, bila kukosewa.

Agripina Philipo Mkumbo, dada yetu, pumzika sasa kwa amani.