Abla Wagida na Shahidi wa Pili wa Mwezi

Tarehe thelathini Juni, Bi Wagida Abdelmaugud, ambaye sote tunamwita Abla, yaani dada mkubwa, anafunga droo zake baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne katika Nyumba ya Kamusi, hapa Munira, Kairo. Mkurugenzi wetu, Dokta Shukri, ameniomba niandike ukurasa mmoja wa jarida, "wa furaha, na usitie chumvi." Chumvi nitaitoa wapi? Mimi Rauf ni msahihishaji, kazi yangu ni kufuta maneno ya watu, na kwa miaka kumi na tisa meza yangu imetazamana na yake.

Aliingia akiwa na miaka ishirini na minne, akapewa kupanga kadi za maneno. Mwaka wa pili wakambebesha herufi ya qaf, ambayo wakubwa wote walikuwa wameikimbia kwa urefu wake. Ndani ya qaf mna qamar, yaani mwezi, neno ambalo mji huu haulipumzishi: mtoto mzuri ni qamar, bibi arusi ni qamar, hata keki ya basbusa ikiiva vizuri ni qamar. Bawabu wetu, ambaye kwa heshima tunamwita Amm Hilmi, kila asubuhi alimpokea kwa "Karibu, mwezi wetu!" Naye hakukosa jibu. "Mwezi gani, Amm Hilmi? Huu wa siku ya ishirini na tisa, umebaki uzi."

Kazi yake na neno hilo ilikuwa kulitafutia jamaa. Waliosafiri aliwapata upesi. Waturuki walilichukua, na Waajemi, na Wahindi. Watu wa Malta wanalo hadi leo, na pwani ya Afrika Mashariki kuna akina mama wanaowaita binti zao Kamaria. "Hao ni watoto," alisema. "Mimi nataka ndugu." Ndugu sasa ndio hawakuonekana. Waebrania, Wasuria wa kale, Wahabeshi na watu wa Babeli wana neno lao jingine, moja kwa wote, mara yareh, mara yarha, mara warh. Sisi Waarabu tukashika qamar, lenye undugu na weupe, na lile la kale likabaki limejificha ndani ya neno "tarehe", ile tunayoiandika juu ya barua. Je, hakuna Mwarabu hata mmoja anayeuita mwezi kwa jina la ukoo? Swali hilo lilimkaa kooni.

Kumbe alikuwa naye nyumbani. Mwaka wake wa nne kazini alikwenda likizo kwa bibi yake, Sitt Gamalat, kitongoji cha Bir Tafla, huko oasisi ya Dakhla. Bibi alikuwa uani anakanda unga. Akanyoosha kidole angani, akasema, "Wagida, warkha ishatoka, ingiza kuku." Abla alisahau kuku, akakimbilia kalamu. Mbweha alichukua wawili jioni hiyo, na ukoo wake haujamsamehe. Bibi mwenyewe alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Sasa, Nyumba yetu ina sharti. Neno lililosikika mdomoni tu halikubaliwi mpaka lipate mashahidi wawili, na wawili hao wasiwe wamekula chungu kimoja. Kadi ya shahidi mmoja hukaa droo ya chini kabisa, ambayo tunaiita droo ya mayatima. Kadi ya Sitt Gamalat ilikaa humo miaka thelathini na miwili. Kila likizo Abla alirudi Dakhla kumtafuta shahidi wa pili, na kila akirudi ofisini maneno ni yale yale. "Abla, umekuja na mwezi au na tende tu?" Naye: "Kula tende, nyamaza."

Nisimfanye mtu wa neno moja. Qaf ameimaliza yote, majuzuu matatu. Amefundisha wahariri kumi na mmoja, na wanne kati yao sasa ni wakubwa zake na bado wanamwogopa. Profesa mgeni aliyeweka glasi ya chai juu ya kadi zake alitolewa chumbani yeye na glasi yake, na kesho yake alileta maua.

Februari mwaka huu ikaja barua ya mwalimu mmoja wa Dakhla. Katika kitongoji cha Izbat Dinar, alisema, kuna mkulima wa tende wa miaka themanini, Amm Zaghlul, anayeuita mwezi warkha. Hana undugu na Sitt Gamalat, wala hajapata kula kwake. Lo, siku hiyo! Dokta Shukri aliibusu ile barua, tukala kunafa tamu, na Abla alilia mbele yetu bila kujificha. Juzuu la mwisho la qaf lilikuwa liende mtamboni Aprili. Nilisoma mstari mpya chini ya qamar, warkha, mashahidi wawili, na kwa mara ya kwanza sikupata cha kufuta.

Yeye ndiye aliyetaka kwenda. "Barua haina mdomo," alisema, akanichukua nimsindikize. Tulimkuta Amm Zaghlul barazani anamenya vitunguu. Ilikuwa alasiri na mwezi ulikwisha kutoka. Abla alionyesha kwa kidole tu.

"Warkha," mzee akasema. Ndipo Abla akauliza swali ambalo ametufundisha sote tusiache kuuliza: "Neno hili ulilipata kwa nani, Amm?"

Mzee akacheka. "We binti, umenisahau? Si wewe ulikuja hapa na punda wa mjomba wako, nywele zako nyeusi ti, ukauliza nyumba hadi nyumba, 'Je, nyinyi huuita mwezi warkha?' Nikamwambia mke wangu, huyu kasoma Kairo, basi hilo ndilo jina lake hasa. Tangu siku hiyo sisi ni warkha tu!"

Kumtia mtu neno mdomoni kisha kumwuliza kama analo: hilo ndilo kosa la kwanza tunalomkanya kila mgeni wa kazi hii. Siku zile yeye ndiye alikuwa mgeni. Alimshukuru mzee, akala mkate wake, na tulipofika nyuma ya tanuri la uani akanishika mkono wa shati. "Rauf, miaka yote hii nimekuwa nikimtafuta mtu, nimejikuta mwenyewe." Akalia.

Ofisini Dokta Shukri alisema, "Nani atajua, Abla? Ukurasa umeshapangwa." Nami, Mungu anisamehe, niliongeza, "Na huu ni mwaka wako wa mwisho." Alitutazama mmoja mmoja. "Mnataka nimtafutie bibi yangu shahidi wa uongo?" Akaufuta mstari kwa kalamu nyekundu, akairudisha kadi kwa mayatima. Juzuu limetoka kwa siku yake, na qamar humo haina ndugu.

Kuna jambo sikumwambia Dokta Shukri. Tulipokuwa tunaondoka Izbat Dinar, mke wa mjukuu wa Amm Zaghlul alikuwa nje na mtoto anayelia. Akamwinua juu. "Nyamaza, baba, tazama warkha ile! Tazama!" Mtoto akanyamaza, akaunyooshea mkono. Abla alisimama pale mpaka dereva akapiga honi mara tatu.

Ametuambia kwamba mwezi ujao anahamia Dakhla. Abla, tunakushukuru kwa kila kadi, na kwa mstari ule ulioufuta. Neno la bibi yako kamusi yetu haitalipokea. Lakini huko uendako ziko nyumba ambazo mwezi ukitoka watakuambia kwa jina alilolisema yeye, na wewe ndiye uliyewapa. Ukae kati yao kwa afya na raha, miaka mingi.