Mafuta Tumepunguza, Hofu Imebaki

Mgeni rasmi, mama daktari wa saratani. Muuguzi wetu wa zahanati. Waume, wakwe na majirani mliokuja: hamjambo nyote.

KARIBU KWETU
Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti ni vya kuazima, lakini furaha ni yetu wenyewe.

TULIKOTOKA
Hatukukutanishwa na biashara. Kila mmoja wetu amemzika mama, dada au binti kwa saratani ya matiti. Muuguzi alitwambia sisi tuko hatarini kuliko wengine, akatufundisha kupunguza mafuta na kuangalia uzito. Tulilishika neno hilo kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

TULIYOFANIKIWA
Mafuta tunapima kwa kijiko, hatumimini tena kwa kukisia. Ngozi ya kuku tunatoa. Waume walinung'unika, "Mboga hii imeogeshwa tu, haijapikwa!" Sasa wamezoea. Miili imepungua, na magoti hayatusumbui tena kwenye ngazi. Tena tuna desturi ya kuingia jikoni kwa mwenzetu bila hodi na kufunua sufuria.

KINACHOTUTISHA
Mwezi uliopita fundi cherehani wetu, mkali wa mafuta kuliko sote, aligusa uvimbe kwenye titi. Alitwambia sisi kwanza. Badala ya kumpeleka hospitali, tukamwuliza, "Ulikula nini, mwenzetu?" Tukaenda kufunua sufuria zake. Hata kikaango tulikinusa. Yeye kasimama mlangoni, anasema, "Nuseni vizuri. Na wewe bibi, si ndiye mwenye pua kali? Sogea."

Mgeni rasmi, tulitamani tuyakute mafuta. Tungeyakuta, tungelala usingizi. Kikaango kilikuwa kikavu.

Tangu siku ile hakuna anayethubutu kujipapasa matiti anapooga. Tunajipaka sabuni harakaharaka kama tunaiba. Naye fundi amegoma kupimwa. Anasema majibu yakiwa mabaya tutamsema mpaka kaburini kwamba alikula kwa siri.

TUNACHOOMBA
Tunaomba mashine ya kupima matiti, iwe karibu nasi. Lakini kabla ya mashine tunaomba jibu. Utwambie hapa, mbele ya wakwe na waume: aliyejinyima mafuta anaweza kuugua? Na akiugua, ana kosa? Muuguzi alishatujibu, tukadhani anatufariji tu.

Fundi amekuja. Yule pale karibu na mlango, mkoba mapajani, hataki hata kuuweka chini. Mimi ninayesoma ndiye bibi yake mzaa mama, na mama yake nilimzika mwenyewe. Ukisema hana kosa, nitamshika mkono twende chumba cha vipimo cha zahanati, umwangalie sasa hivi, na hawa wote watapanga foleni nyuma yetu. Tafadhali, mama, usingoje chai. Akitoka mlango ule hatutampata tena.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na akupe maneno ya kumtosha.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Tutunzane